Deraya Isiyo na Mwili

Msomaji aliyepata kulitazama lipiko la Kimakonde kwa karibu, huko Newala au hata katika jumba la makumbusho, atakuwa ameona kwamba macho yake si ya kuonea. Ni kofia nzima ya mti mwepesi, iliyokombwa hadi ikawa nyembamba. Huvaliwa kwa kuinamishwa, naye mchezaji huchungulia kupitia mdomo. Upo pia ubao wa kifuani: matiti na tumbo la mja mzito, vyote vya mti, hufungwa kwenye kiwiliwili cha mwanamume naye akacheza navyo ngoma. Maungio hufichwa kwa nguo. (Ya jandoni siyasemi hapa.) Mchongaji aliufikiria mwili kwanza, sura ikafuata.

Niliyakumbuka hayo hapa Lisekese, mjukuu wangu wa kidato cha tatu alipotaka kuvaa deraya ya askari wa mchezo wa kompyuta katika igizo la mahafali. Siku hizi jambo hilo linawezekana. Ziko programu zinazolifumua umbo la kwenye kioo na kulilaza katika kurasa bapa. Ukizichapa, ukazibandika juu ya katoni, ukakata na kukunja, umbo linasimama. Wajapani kazi hiyo huiita pepakura. Kijana alichapisha kurasa zake steshenari mjini Masasi, akakata kwa wembe siku nne.

Ilipendeza mno ikiwa mezani. Alipoivaa, hakuweza kuinua mkono, kukaa, wala kujikuna pua. Kwenye kompyuta, askari akinyanyua mkono, bamba la bega huweza kupenya bamba la kifua kama moshi, na hakuna anayeumia. Katoni haipenyi katoni. Tena yule askari hatoki jasho, wala haendi haja.

"Tukate hapa kwapani," nilimwambia.

"Hapana, babu. Haitafanana."

Tulibishana jioni nzima, na hoja yake haikuwa ya kitoto: wenzake wanamjua askari yule hadi ukucha, wangemcheka. Nikamtajia filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambayo kwayo Ruth Carter alipata tuzo ya Oscar kwa mavazi. Taji la malkia, lililofuata kofia ya wanawake wa Kizulu, lilisanifiwa kwa kompyuta na kuchapwa kwa mashine. Lakini hata hilo lilipaswa kutulia juu ya kichwa cha mtu aliye hai.

Hatimaye alikubali. Mabega tuliyatenga na kifua, tukayafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kwapani tuliweka nyayo za kandambili kuukuu, ambazo hukunjika. Macho ya kofia tuliyaacha kama yalivyo pichani, tundu la kuonea tukalitoboa mdomoni.

Miiba ya mabegani alikataa isiguswe. Basi ikabaki, na kwa kuwa mlango wa ukumbi ni mwembamba, askari wetu aliingia jukwaani ubavu ubavu.