Behewa dogo, hesabu kubwa

Leo naweka programu kando kidogo, wasomaji wangu. Natengeneza mfano wa behewa la mizigo la reli yetu ya zamani, kipimo cha 1:87, na vipuri vinanitoa jasho. Vingi vinavyouzwa ni vya reli ya milimita 1435, kama SGR. Hii ya zamani ni 1000! Gawa kwa 87 upate 11.5, magurudumu yanayopatikana ni ya reli ya milimita 12, sawa na 1044 halisi. Hiyo nitavumilia. Lakini ngazi ya behewa la Ulaya? Hapana. Marehemu babu alikuwa fundi wa mabehewa haya, angenicheka. Basi nilienda Makumbusho ya Reli Nairobi na futikamba, nikapima, nikachora kwenye kompyuta. Jumamosi naipeleka kwa jamaa mwenye printa ya 3D.