Kijapani cha Kamio

Maneno yangu ya kwanza ya Kijapani nilifundishwa na kamio, yaani lori. Nilikuwa nimetoka Kabambare kwenda Uvira kutafuta maisha, nikapata kazi ya konvoyeri: kufunga mizigo, kutia kigogo chini ya gurudumu, kulala juu ya magunia. Kamio lenyewe lilikuwa la mtumba, limeshushwa bandarini Dar es Salaam, likavuka Burundi na kuingilia Kavimvira. Dereva akiwasha taa ya kukata kushoto, sauti ya mwanamke ilitoka ubavuni, pole pole na kwa adabu: "Hidari e magarimasu. Gochuui kudasai." Likirudi nyuma: "Bakku shimasu."

Niliyahifadhi kama nilivyohifadhi sura chuoni Kasongo, matamshi kwanza, maana baadaye. Maana alinipa mzee mmoja wa Dar, dereva wa magari ya IT, yale yanayopita tu Tanzania kwenda nchi za jirani. "Dogo," akaniambia, "huyo mama anasema gari linakata kushoto, kaeni chonjo."

"Na akikata kulia, mzee?"

"Kulia hasemi kitu."

Jibu hilo lilinisumbua kwa muda mrefu. Japani magari hupita kushoto, na mwenye baiskeli naye hujibana kushoto. Lori likikata upande huo ndipo linapoweza kumkumba. Ndiyo maana mama yule aliwekwa kulinda ubavu mmoja tu. Kongo tunapita kulia. Baiskeli zetu, zenye mabidoni ya mawese na magunia ya mpunga, zilikuwa ubavu ule ambao mama hausemei. Kwa hiyo kulia ikawa kazi yangu: nilipiga bati kwa kiganja na kupiga kelele, "Baiskeli! Sogea, yaya!" Kushoto alilinda Mjapani, kulia alilinda mtoto wa Kabambare.

Simu zilipoanza kusoma maandishi kwa kamera, msamiati wangu uliongezeka. Nilijua "hijooguchi", mlango wa dharura, na "jidoo doa", mlango unaojifungua wenyewe. Maneno hayo ya pili yalibandikwa kwenye basi dogo ambalo mlango wake ulifungwa kwa mpira wa tairi, tena ulikuwa upande wa kushoto, hivyo abiria walishukia katikati ya barabara. Niliwahi kupanda teksi iliyolalamika kila ilipowashwa kwamba kadi haijaingizwa. Kumbe ni kadi ya kulipia barabara za kasi za kwao. Sisi kwenye bariyeri tulilipa noti mkononi, na risiti hukuiuliza kama ulitaka kufika mapema.

Mji niliojifunza kuuzungumzia kwa Kijapani ulikuwa na milango ya dharura, mabasi ya watoto wa chekechea na gari linalotahadharisha kwa adabu kabla ya kukata kona. Sikuwahi kuuona. Ila nilipenda kwamba huko mtu alikaa akamfikiria mwenye baiskeli.

Siku tulipopandisha mzigo kupitia Fizi na Lulimba, njia haikuwa na kona za kuwashia taa, ilikuwa na matope tu. Dereva wetu alingoja mpaka sokoni Kabambare, akawasha ya kushoto makusudi, gari limesimama. Watu wakajaa. Mama mmoja muuza mihogo akaniuliza huyo wa ndani anataka nini. Nikamtafsiria, akasema basi na atoke aseme vizuri. Kabambare imezoea wageni wa namna hiyo: misafara ya karne ya 19 kutoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe ilipita hapo hapo na shehena ya nguo na shanga, na Kiswahili hiki ninachoandikia kiliingia Maniema pamoja nayo.

Baadaye mwenye kamio alimwambia fundi akate waya wa ile sauti, kwa kuwa watoto walikuwa wakining'inia nyuma ili waisikie. Tukabaki na honi, na kiganja changu kikaanza kufanya kazi pande zote mbili.