Umeme upo, ila tupange zamu

Kimya kingi, ni hizi testi. Leo naleta mada iliyotukesha hosteli tukibishana: gari za umeme zikijaa viwanja vya ndege, umeme utatosha?

Wengi wanasema kwa Tanzania hakuna shida, si tuna Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115? Sawa, lakini umeme wa Rufiji hauruki ukaingia kwenye gari. Unapita kwenye nyaya na transfoma za pale pale uwanjani, na hizo zina kikomo chake.

Chukua mfano wa Mombasa. Mwaka 2018 Uwanja wa Moi uliwekewa sola ya kilowati 500 hivi, ndege zikiegeshwa zitumie umeme huo badala ya kuunguza mafuta. Sasa tupige hesabu. Chaja ya haraka ya kilowati 50, teksi kumi zikichomeka pamoja: 50 x 10 = 500. Zimemeza sola yote, tena ya jua la utosi! Usiku ndiyo kabisa, mzigo wote gridi.

Na uwanja wa ndege si saluni useme tuwashe mshumaa. Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, jenereta mojawapo pale JKIA Nairobi likagoma, abiria wakakaa gizani masaa kadhaa. Gari za umeme hazikuhusika, ila fikiria siku kama hiyo jenereta libebeshwe na chaja juu yake!

Jibu sisi wafugaji wa Getanuwas tunalo. Ng'ombe wote wakishuka kisimani kwa mpigo, ndama wanakanyagwa na maji yanakuwa tope. Ndiyo maana kuna zamu. Zile teksi kumi, kila moja ikihitaji kilowati-saa 50, ukizichaji taratibu kwa masaa 8 mzigo unashuka mpaka kama kilowati 63. Gari zile zile, chaji ile ile! Na umeme ukipungua, chaja ndizo zisubiri. Taa za njia ya kurukia na mnara wa kuongozea ndege vinywe kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kununua chaja, watu wakae wapange nani anachaji saa ngapi. Wadau wa uinjinia mnaonaje? Nawasilisha.