Mandhari Yenye Kinaya

Mwanafunzi, ukiulizwa swali la mandhari, usitaje jina la mahali ukaishia hapo. Mimi hupenda kutoa mfano wa Alice, mji mdogo wa Waxhosa kando ya mto Tyhume, Afrika Kusini. Wenyeji huuita Dikeni. Katika karne ya 19, Waingereza waliokuwa wakiwapokonya Waxhosa ardhi walijenga ngome hapo, Fort Hare. Mwaka 1916 palifunguliwa chuo cha Waafrika, nacho kikarithi jina la ngome. Humo walisoma Nelson Mandela, Oliver Tambo na hata Mkenya Charles Njonjo. Hicho ndicho kinaya: palipojengwa pa kumtiisha Mwafrika pakawa kitalu cha viongozi wake. Basi jiulize kila mara: hapa palikuwa nini awali, na nani alipokonywa?