Mtunzi Hajulikani



Juma lililopita tulikuwa kigangoni Akheri tukihakiki kijitabu cha nyimbo kabla ya kukipeleka kwa mchapaji. Mama mmoja wa sauti ya pili akaweka kidole chini ya wimbo wa matoleo, akatuuliza kwa upole: “Padre, na huu hamumjui aliyeutunga?” Sisi wenyewe tulikuwa tumeandika pale, “Mtunzi hajulikani.” Aliyeutunga ni marehemu mume wake, aliyefundisha kwaya hiyo miaka mingi. Tuliona haya.

Usiku ule tulimkumbuka Enoch Sontonga. Ni wangapi kati yetu wanaolijua jina hilo? Na hali watoto wetu huimba tuni yake shuleni. “Mungu ibariki Afrika” haikuzaliwa chini ya Mlima Meru wala Dar es Salaam. Sontonga, Mxhosa, alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, naye aliitunga mwaka 1897, kwa Kixhosa, ili wanafunzi wake waiimbe. Mwaka 1899 iliimbwa hadharani mchungaji mmoja alipowekewa mikono. Mwaka 1912 ikaimbwa katika mkutano uliozaa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, tuni hiyo ilikuwa imevikwa maneno ya Kiswahili na kufanywa wimbo wa taifa. Zambia nayo iliitwaa mwaka 1964.

Wapo wanaosikia ndani yake mwangwi wa Aberystwyth, tuni ya kanisani ya Joseph Parry wa Wales. Yawezekana. Mwalimu wa kwaya huimbisha nyimbo mia za wengine kabla ya kutunga wake. (Sisi tumewahi kumsikia Mozart ndani ya wimbo mpya wa Kwaresima, tukanyamaza.)

Sontonga alifariki mwaka 1905, angali kijana. Husimuliwa kwamba mjane wake, Diana, aliuza haki za wimbo ule kwa senti chache tu, peni sita za Kiingereza. Kaburi lenyewe lilipotea kwa miaka mingi, kwa sababu waliolitafuta walipekua vitabu vya makaburi kwa jina la Sontonga, kumbe aliandikwa “Enoch” basi. Lilipopatikana, Rais Nelson Mandela alilitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwezi Septemba 1996, miaka tisini na moja baada ya mazishi.

Tumemwomba mchapaji asubiri. Jumapili, baada ya Misa ya pili, mama yule alituletea daftari la mumewe, limefungwa kwa kitenge, nota zimeandikwa kwa penseli ambayo imeanza kufifia. Tulikaa naye kivulini mwa migomba tukilinganisha ukurasa kwa ukurasa. Nyimbo nyingine tatu tulizoziandikia “Mtunzi hajulikani” zilikuwamo.