Kuvuka Kwenda Nansio

Mtoto alinishika kidole tangu tunakata tiketi bandarini Mwanza, hakukiachia mpaka majabali ya mjini yalipobaki nyuma. Hakuwahi kupanda meli, wala mimi. Tangu MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, nilikuwa nimeapa sitakanyaga chombo cha majini. Lakini mama yake alikuwa ng'ambo.

Mimi ni mlezi wake wa kambo, na ule ulikuwa mwezi wa 7 tangu nimpokee. Mama yake aliugua kifua kikuu akalazwa, hakuwa na ndugu karibu wa kumwachia mtoto wa miaka 5. Alipotoka wodini akarudi kwao Ukerewe kujiuguza. Ofisa ustawi wa jamii aliniambia siku ya kwanza: "Mama, huyu hatujampora mama yake. Tunamtunzia." Akanieleza kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unampa mtoto aliyetenganishwa na wazazi haki ya kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa pale kuonana kunapomdhuru. Niliitikia. Moyoni niliona tunakwenda kumvuruga mtoto aliyekwisha kutulia.

Wiki moja kabla ya safari, mama yake alituma kanga. Niliambiwa nisiifue. Mtoto aliinusa, akalala nayo siku zote zile bila kusema neno.

Safari ilichukua zaidi ya saa tatu. Huko Nansio, Ukerewe, tulikuta mkeka umetandikwa chini ya mwembe, nyuma ya ofisi ya ustawi wa jamii. Mama hayupo. Saa nzima ikapita, nami nikaanza kumhukumu. Kumbe bodaboda aliyopanda ilipata pancha njiani kutoka Murutunguru. Alishuka na vumbi hadi magotini, mkononi mfuko wa machungwa.

Mtoto akajificha nyuma yangu. Mama hakumvuta, hakumwita. Aliketi mkekani, akachukua kisu, akaanza kumenya chungwa, ganda likishuka refu bila kukatika. Mtoto alichungulia. Ganda lilipogusa mkeka alikuwa amekwisha kukaa mapajani.

Halafu mama akaanza kumfumua nywele.

Nilikuwa nimemsuka twende kilioni Jumamosi, nikahakikisha kila mstari umenyooka, ili mama aone mwanawe anatunzwa. Akaifumua yote. Nilitaka kunyanyuka. Ofisa akanigusa mkono: "Mwache, Mama. Hiyo ni kazi yake."

Basi nikatazama akimsuka upya. Alipofika nyuma ya sikio la kushoto alipunguza mkono, akaanzia juu, akashika nywele kwa ncha za vidole viwili tu. Kwangu mtoto hulia kila anaposukwa, na kwa miezi yote nilidhani ni kudeka. Siku ile hakulia. Aliongea! Alisimulia habari za paka wa jirani yetu, za uji, za meli, na mara tatu akamtaja "mama mkubwa", ndiye mimi. Nyumbani kwangu sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo kwa mpigo. Utulivu niliokuwa nikiusifia kwa majirani ulikuwa ni kunyamaza.

Saa mbili tulizopewa ziliisha kabla ya mistari kuisha. Mama akaniita, "Dada, sogea," akaniwekea kidole changu pale pale nyuma ya sikio. "Hapa pana kovu la jipu. Anzia juu, usivute."

Kuagana kulikuwa kugumu. Mtoto alipiga kelele hadi watu wa ofisini wakatoka nje, na mama alipanda pikipiki bila kugeuka, mabega yakimtetemeka. Usiku, gesti, mtoto alikojoa kitandani. Ofisa alikuwa amenitahadharisha: yatakuja hayo, na si sababu ya kukatisha ziara. Mtoto analia kwa sababu ana mtu wa kumlilia.

Nilibadilisha shuka, nikamfunika ile kanga. Alfajiri, kabla ya kwenda melini, alikaa mwenyewe kati ya magoti yangu akaniinamishia kichwa. Ilibaki mistari mitatu. Nilianzia juu.