Nusu kilo ya korosho

Wadau, leo niwachokoze kidogo na hesabu kutoka huku Mtwara. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Sasa mnunuzi akimwambia mama wa Msimbati kwamba nusu kilo ni 1,500, anamwibia. Nusu mbili lazima zirudishe 3,300, kwa hiyo nusu ni 1,650 tu. Bei ya kilo nzima imeamua hata kile ambacho hakikutajwa.

Wanahisabati huita hali hii epimofizimu: kuamua yote. Swali lao ni hili: je, ili uamue yote, lazima ufike kote?

Kwenye makundi, yaani mifumo ya tendo moja linalotenguka, kama kujumlisha, lazima. Carl Linderholm alichapisha uthibitisho mfupi mwaka 1970. Tazama saa ya ukutani: hatua gani ukiirudia mara mbili mshale unabaki palepale? Yaweza kuwa sifuri, yaweza kuwa saa sita. Nusu haijulikani. Lakini kwenye ringi, ambako kuzidisha nako hutunzwa, namba nzima huamua sehemu zote bila kuzifikia.

Mimi naona hivi: mkulima mwenye bei moja na kanuni mkononi hahitaji kutangaziwa nusu. Mnasemaje?